Dakika sita zilizonitoa jasho kuliko mgonjwa mwenyewe

Wakuu, habari za huko mliko.

Uzi huu nimeuandika mara nne nikaufuta, maana mimi hurudia kitu hadi kinaharibika. Leo nauacha ulivyo. Kila kilichomo kimetokea, hata kinachoniaibisha.

Mimi ni binti wa Kikongo, naishi Kashojwa, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na mama mdogo wangu, Mama Neema. Ana ugonjwa wa misuli. Miguu inapungua nguvu polepole. Hauponi, lakini mazoezi yakipimwa vizuri humsaidia mtu kubaki na nguvu alizonazo.

Yakipimwa vizuri. Mimi sikupima.

Nilitazama video mtandaoni nikajifanya kocha. Nikampa squats, zile za kuchuchumaa na kuinuka, ameshika jeriken ya lita tano! Akisema, "Mwanangu, miguu inakufa," mimi namwambia aongeze kumi.

Halafu nikasoma kwamba misuli dhaifu ikilazimishwa inaweza kupoteza hata nguvu iliyobaki.

Wakuu, nikaona nimeharibu kila kitu.

Maana mama mdogo ana hamu moja tu: kuingia na wamama wenzake kwenye maandamano ya matoleo kanisani, kapu la maharagwe mikononi, bila mtu kumshika.

Nikampeleka hospitali Mbarara. Fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja Mnyankore mwenye utani, akampima: tembea dakika sita kwenye korido, zunguka chupa hii na ile, tuhesabu mita. Akatupatia mazoezi mepesi. Jeriken akaipiga marufuku. Akasema turudi baada ya miezi mitatu, na mita zikishuka, mazoezi yote yanasimama mpaka daktari amwangalie upya.

Mwezi uliopita tukarudi. Tulilala Kakiika, karibu na hospitali, kwa rafiki ili barabara isimchoshe. Nilipanga hadi saa ya kunywa chai.

Fizio akanipa kazi ya kushika saa. Mimi! Nikakodolea simu macho bila kupepesa, natangaza kama refa: "Moja! Mbili!"

Dakika sita zikaisha. Fizio akahesabu mizunguko.

Mita zilikuwa chini ya zile za kwanza. Chini sana.

Nikakaa sakafuni nikaanza kuungama palepale. Ni mimi, ni jeriken, nimemmaliza mama wa watu. Fizio alikuwa ameegemea ukuta, anacheka hadi machozi.

"Wewe nyabo," akamwambia Mama Neema, maana nyabo kwao ni mama, "mimi nasema wewe tembea. Wewe nafanya kampeni?"

Ndipo nikatazama korido.

Mara ya kwanza tulifika mapema, benchi la kusubiria likiwa tupu. Safari hii lilikuwa limejaa wamama, wawili wao Warundi wa kanisa letu. Kila mzunguko mama mdogo alisimama, akatoa mikono miwili, akauliza hali ya watoto, akauliza habari za mihogo, ndipo akaendelea!

"Sasa minapita aje mbele ya bantu bila kubalamusa?" akawaka. "Ni mimi mbuzi?"

"Lakini mama, ni watu walewale! Umewasalimia kila mzunguko!"

"Kila mara minafika, minalamusa."

Mama mmoja kwenye benchi akadakia, "Tena hajamaliza kunieleza habari ya mihogo!"

Fizio akamuuliza mama mdogo amechoka kiasi gani, kutoka sifuri hadi kumi.

"Mbili."

Akapumzika nusu saa. Benchi likageuzwa, wote wakatazama ukuta. "Nyinyi wote, hakuna kusema jambo, dakika sita!" fizio akaamuru. Saa akaishika mwenyewe. Mimi nikatazama miguu.

Mama mdogo alitembea amebana midomo kama mtu aliyejaza maji kinywani. Migongo ya wamama kwenye benchi ilitikisika kwa kicheko. Mmoja akampungia mkono kwa nyuma bila kugeuka. Mama mdogo akayumba kidogo kwa uchungu wa kutojibu, akaendelea.

Akazipita mita za mara ya kwanza! Korido nzima ikapiga vigelegele. Mimi nikalia, bure tu.

Kisha fizio akafungua daftari langu la mipango, kurasa zote zenye rangi tatu, akachora mstari mmoja wa kuifuta. Chini akaandika: simama kabla ya kuchoka, pumzika, endelea.

"Hii mama nafanya hii tayari," akasema. "Na salamu."

Basi siku hizi njia ya kwenda kanisani ndiyo mazoezi yetu. Vituo ni nyumba za watu wa kusalimia. Tunayaita kulamusa.

Jumapili iliyopita alibeba kapu. Nilimsihi asisimame. Akasimama mara mbili katikati ya kanisa, akawauliza watu hali, padri anangoja mbele, maandamano yote yamekwama nyuma yake.

Nikatoa simu nipime dakika. Nikairudisha mfukoni.

Nilichojifunza: nilijua kutazama saa, sikujua kumtazama mtu. Na mwenye mgonjwa wa misuli nyumbani, asianze na video kama mimi, aanze na kupimwa.

Wenye uzoefu, nyie wagonjwa wenu mnawapumzisha vipi? Na anayetaka kunigombeza kwa ile jeriken, karibu. Benchi lina nafasi, ila usalimie kwanza.