Nilivyofinya kitufe cha gesi Meru nikidhani naokoa Mama Kendi

Wakuu, salamu kwenu nyote, na wale mnaosoma bila kulike pia tunawaona.

Hii si story ya kuambiwa. Ni mimi mwenyewe, na kama naongeza chumvi basi stima ikatike kwangu mpira ikiwa dakika ya themanini na tisa.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuna watu wanapenda safari, mimi napenda kochi. Nilizaliwa Siakago, kwetu Wambeere, kule jua linakusalimia kwa makofi, nikamaliza form four, na ndoto yangu ilikuwa kazi ya kukaa chini. Mungu si Athumani, nikapata. Shida ni kwamba ilikuwa Meru.

Chama kimoja cha ushirika huko (jina naacha, bado wananilipa) kiliniweka kwa chumba cha mafaili. Kazi ni kupanga karatasi za wakulima, za zamani na za sasa. Hakuna dirisha. Mlango mzito wenye kioo kidogo unajifunga wenyewe nyuma yako, na umewekewa mpira pande zote. Kwa mtu kama mimi hiyo ni mbinguni, isipokuwa baridi.

Kwa kona kulikuwa na mitungi miwili mikubwa myekundu, na mabomba yakipanda hadi kwa dari. Hiyo ni mitambo ya kuzima moto kwa gesi. Maji yangeharibu karatasi, kwa hivyo moto ukishika, gesi inamwagwa, moto unazimika, faili zinabaki kavu.

Koome, askari wa getini, ndiye alinifanyia induction siku ya kwanza.

"Mmbeere, unaona hiyo mitungi? Ikifunguka ukiwa ndani, inakunywa hewa yote. Unakauka kama omena."

"Nani alikauka?"

"Hakuna. Kwa sababu hakuna mjinga amewahi kubaki."

Ukutani kulikuwa na maelezo marefu ya Kiingereza. Nilisoma mstari wa kwanza, nikaona neno "discharge", nikaacha. Nikaamini askari.

Sasa July ikafika. Wale wa Meru mnajua. Ukungu unashuka asubuhi unakaa hadi saa saba, na mtu wa Siakago anaanza kufikiria kuandika wosia. Heater zilikuwa zimekatazwa ofisini sababu ya bill ya stima. Mimi nilikuwa nafanya kazi na jaketi mbili na kofia ya marehemu babu.

Mama Kendi akanionea huruma. Huyu ndiye anatupikia chai, mama wa makamo, mdomo kama wembe na roho kama uji wa moto. Akaanza kuniletea jiko la makaa.

Na msidhani analeta ovyo. Anawasha nje, nyuma ya jikoni, anapepea hadi moshi uishe na makaa yawe mekundu sawasawa. Ndio analibeba ndani.

"Moshi ikiisha, sumu imeisha," aliniambia. "Sisi tumelelewa hivyo. Wewe kwenu mnaota jua kama mijusi, utajua nini?"

Ningebisha vipi? Hata kwetu, siku ile moja ya baridi kwa mwaka, tunafanya vivyo hivyo.

Hiyo wiki kichwa kilikuwa kinaniuma kila siku kabla ya lunch. Nikalaumu vumbi ya mafaili. Nikalaumu githeri ya jana, yale mahindi na maharagwe. Nikalaumu hata mto wa kulalia. Jiko sikulilaumu, jiko lilikuwa rafiki.

Basi siku yenyewe. Mama Kendi alikuja na jiko na mahindi mbichi mbili za kuchoma. Akakaa kwa kile kiti kifupi, akapasha magoti. Tukapiga story kitambo kizuri kuhusu bei ya avocado, kisha mimi nikasikia kichefuchefu, nikasema wacha nitoke niende choo. Mlango ukajifunga nyuma yangu.

Nikirudi, king'ora kikalia.

Wakuu, kile king'ora si cha mchezo. Taa nyekundu inazunguka juu ya mlango, watu wanatoka maofisini wakikimbia hadi nje. Mahindi yalikuwa yameungua, ule moshi ukafika kwa kifaa cha darini cha kunusa moshi, na mitambo ikaamua kuna moto. Kisanduku cha ukutani kikaanza kuhesabu kurudi nyuma.

Nikachungulia kwa kile kioo kidogo cha mlango.

Mama Kendi alikuwa bado amekaa.

Kando ya mlango kuna kitufe kimeandikwa HOLD. Hata Koome alikuwa ameniambia: ukikifinya, gesi inangoja, ukikiachilia, gesi inakuja. Nikakirukia. Nikafinya kwa dole gumba lote nililopewa na Mungu.

"Mama Kendi! Toka!"

Akainua mkono polepole, kama mtu anafukuza nzi. Hakuinuka.

Koome alikuwa mwisho wa korido, amejificha nusu nyuma ya ukuta.

"Usiachilie! Ukiachilia umemuua!"

"Kuja ufinye wewe, mimi niingie nimtoe!"

"Mimi niko na watoto!"

"Na mimi niko na nini, kuku?"

Hakusonga. Na mimi nikabaki hapo. Nikiachilia, gesi inamkausha. Nikibaki, hatoki. Nikaendelea kufinya na kupiga mlango kwa teke, nikiita jina lake hadi sauti ikaisha. Nilijiona shujaa, nawaambia ukweli. Nilikuwa nawaza watanipigia makofi kwa staff meeting.

Halafu nikaona kitu. Yale mahindi yalikuwa meusi tii, yanafuka mbele ya magoti yake, na yeye anayaangalia tu.

Wakuu, mama wa Kimeru hawezi kuacha mahindi iungue mbele ya macho yake. Hata akiwa na usingizi, hata akiwa na hasira, mkono utageuza. Hapo ndipo nilijua huyu mama anakata roho, na gesi bado haijatoka.

Nikavuta pumzi, nikaachilia kitufe, nikaingia.

Nilikuwa nimemshika kwapani wakati mitambo ilifunguka. Sauti kama lori limepasuka tairi nne pamoja. Baridi ikanipiga usoni, ukungu mweupe ukajaa, vipande vya dari vikaanguka, karatasi za wakulima zikapaa kama kumbikumbi. Mama Kendi si mwepesi, na nasema hivyo kwa heshima. Nilimburuta kinyumenyume nikiwa nimebana pumzi hadi macho yakataka kutoka.

Karibu na mlango pumzi ikaniisha. Nikavuta hewa ya mle ndani.

Nikangoja kufa.

Sikufa. Koo liliwasha, macho yakatoa machozi, lakini miguu iliendelea. Tukaangukia korido, mlango ukajifunga, na Koome akapata ujasiri ghafla, akambeba mama hadi nje kwa hewa.

Hospitali wakamwekea oksijeni. Mimi nikamwelezea daktari habari ya gesi ya mitungi kwa mapana na marefu. Akanisikiza, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Mlikuwa na jiko mle ndani?"

Siku chache baadaye akaja fundi kutoka Embu kujaza mitungi upya, dada mmoja anaitwa Wanja. Nikampa story yangu nikitarajia sifa. Alicheka hadi akaketi kwa toolbox.

"Hii gesi yenu hainywi hewa," akasema. "Inafyonza joto la moto. Kwa kiwango kilichopimiwa hiki chumba, mtu akiivuta kidogo akitoka hafi. Haina rangi, ule ukungu uliona ni baridi yake tu, haiachi unga, haipitishi stima."

"Na mbona iliniwasha koo?"

"Iligusa makaa mekundu. Ikiungua inageuka kuwa kitu kikali, hiyo sasa ni mbaya ukikaa nayo. Ndio maana king'ora kinakuambia utoke. Si manukato."

Akaongeza kwamba kuna majengo mengine mitungi imejazwa carbon dioxide, na hiyo inaua kweli ukibaki ndani. Kwa hivyo soma kibandiko, usisome askari.

Kisha akanimaliza.

"Huyo mama alikuwa anauliwa na jiko. Makaa mekundu yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu na isiyo na moshi, na hiki chumba kimezibwa ili gesi isitoroke. Sasa wewe ulisimama mlangoni ukizuia kisichoua, ukamwacha na kinachomuua."

Nikaenda ukutani, nikasoma yale maelezo ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho.

Mama Kendi alipona, shukrani kwa Mola. Alilala hospitali siku kadhaa, akarudi na mdomo wake mzima. Kila mgeni anayekuja ofisini anaonyeshwa mimi: "Huyu ndiye alikuwa ananitazama kwa kioo nikifa, amefinya ukuta kama anaita lift." Nacheka na wao. Lakini jioni moja watu wakiwa wameenda, alinishika mkono akasema pole pole, "Kijana yangu, ulijua utakufa na ukaingia." Akaenda kuosha vikombe.

Nilichojifunza wakuu: tunaogopa kitu chenye king'ora na maandishi mekundu, na kile kinachotuua tunakikaribisha na kukipepea. Makaa yakiwa hayana moshi haimaanishi hayana sumu. Kichwa kikiuma na jiko liko ndani, usilaumu githeri. Toka, fungua mlango, toa jiko.

Haya, wale mnaojua hizi mitambo kuliko mimi nirekebisheni, na Koome kama uko humu jitetee. Lakini nyinyi wa Meru, Manyatta na kote kwenye baridi, kabla mniite mjinga kwa comments, jibuni hili kwanza: leo mkifunga milango, jiko litalala wapi?