Wa Mwisho Kuhesabiwa

Nasipwondi wa mtaa wa Lindi hakuwa mwoga wa watu. Aliuza maharagwe na chapati mbele ya chumba chake cha kupanga, na mlevi aliyethubutu kuleta fujo pale alitimuliwa kwa mwiko na kwa sauti iliyosikika mpaka Soweto, mtaa wa jirani. Lakini kitu kimoja kilimtetemesha mwanamke huyu: kuhesabu watoto.

Kwao Bungoma watoto hawahesabiwi. Ukiulizwa unao wangapi, unajibu wapo, Mungu amejalia, basi. Mwaka wa sitini na tisa, mwaka wa sensa, karani alimjia na kalamu yake, na Nasipwondi, ili asionekane mshamba, akawahesabu wanawe mmoja mmoja kwa kidole, akamalizia na kitindamimba wake Khaemba, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama. Kabla ya mvua za vuli kwisha, surua ikamchukua Khaemba. Wenye kusoma walimweleza habari za ugonjwa, naye akawasikiliza kwa adabu. Yeye alijua alichojua: aliyetajwa mwisho ndiye aliyeondoka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Oktoba ya mwaka uliofuata, Mwalimu Murunga wa shule ya Jumapili alipanga kuwapeleka watoto bwawani kuwatazama mbayuwayu waliokuwa wakiwasili kutoka Ulaya, wakikimbia baridi. Murunga alikuwa mtu mwema, ila ukimtajia ndege husahau hata njaa. Kanisa likamchagua Nasipwondi awe mlezi wa safari, kwa sababu ya ile sauti yake. Bintiye Nekoye angekuwamo, na Aoko pia, mtoto wa jirani yake Seline. Asubuhi Seline alimkabidhi Aoko mkono kwa mkono, akamwambia huyu ni wako mpaka jioni.

Murunga akagawa kazi. Yeye angeshika darubini na kuhesabu ndege. Mama Nekoye angehesabu watoto kila wanapohama mahali. Walikuwa kumi na wanane. Nasipwondi akaitikia kwa kichwa, akijua moyoni kwamba hatafanya. Angewaangalia tu, kama anavyoangalia kuku wake wakiingia jioni. Watoto nao walipewa amri moja, kunyamaza, maana anayeongea anafukuza ndege.

Mbayuwayu walikuwa wengi ajabu, wakishuka kugusa maji na kupaa tena. Watoto wakatawanyika kando ya matete, shingo juu, darubini ikipita mkono hadi mkono. Nasipwondi naye alitazama, akajisahau, akacheka peke yake. Kisha Murunga akaona kundi jingine upande wa pili, akaashiria waondoke.

"Mama Nekoye, wote wako?"

"Wako, Mwalimu."

Walikuwa hawajafika mbali. Aligeuka kuwatazama. Kulikuwa na pengo mahali, lakini hakuweza kusema ni la nani. Watoto hawatulii, na kila akimaliza mmoja, mwingine alikuwa amehama. Akili ilimwambia wapo. Roho ilimwambia maji.

Hapo ndipo hofu ilipomshika sawasawa, maana ilimjia kutoka pande mbili. Asipohesabu, huenda mtoto wa mtu anazama sasa hivi. Akihesabu, atakayekuwa wa mwisho amekwisha kuelekezewa kifo. Angeweza kumwita Murunga ahesabu yeye, lakini Murunga angeanzia popote na kuishia popote, amwache mwisho mtoto yeyote.

Akawasimamisha. Akamshika Nekoye bega, akamweka nyuma ya wote. Akaanza kwa sauti, kwa kidole, vilevile alivyofanya mbele ya karani, na kila hesabu ilimtoka kama jino linalong'olewa. Alipofika kwa mwanawe alitamani ardhi ipasuke immeze. Akamgusa kichwani.

"Kumi na saba."

Nekoye ndiye aliyesema kwamba Aoko alikuwa naye kwenye matete, na tangu hapo hajamwona.

Nasipwondi akakimbia. Leso ilimdondoka njiani asiione. Alimwita Aoko kwa nguvu zake zote mpaka ndege wakatoweka juu ya bwawa, na hakuna aliyeitika. Akilini alishamwona Seline mlangoni akingoja, akaliona na jeneza dogo. Alilia huku akikimbia, wala hakuona haya.

Aoko alikuwa ndani ya matete, maji yamemfika kifuani, miguu imenaswa kwenye tope, ameshika majani yaliyokwisha kuanza kung'oka. Alikuwa akisikia kuitwa muda wote. Hakuitika kwa sababu Mwalimu alisema wanyamaze. Nasipwondi akaingia na viatu vyake, akamvuta kwa makwapa, wakaanguka wote wawili ukingoni. Murunga alifika mbio, uso umemparara, akaketi chini kwenye tope. Alichoweza kusema ni asante, Mama Nekoye, asante kwa kuhesabu.

Walirudi alasiri. Seline alimlilia begani, akamwita dada, akasema maneno mengi ambayo Nasipwondi aliyasikia nusu tu. Macho yake yalikuwa kwa Nekoye, aliyesimama kando amenuna.

"Mama, mbona mimi umenihesabu mwisho?"

Nasipwondi alitafuta uongo wa kumpa, akaukosa.

"Kwa sababu wale wengine ni watoto wa wenyewe."

Nekoye akafikiri, akaona si jibu baya, akampa mkono waende nyumbani. Mkono ulikuwa na joto. Nasipwondi akajiambia ni jua tu, wameshinda juani kutwa. Akaushika, akakataa kuuachia hata mtoto alipolalamika kwamba anaumia.