Wimbo wa Mapenzi Mwezi wa Ramadhani

Shule ya msingi niliisoma kwa Kifaransa. Nilipoingia sekondari Kiingereza kikashika usukani, na walimu wetu wenyewe walikuwa wakijifunza jioni walichotufundisha asubuhi. Siwalaumu, lakini mimi sikuwangoja. Nilikwenda kwa waimbaji.

Hata baada ya shule niliendelea nao. Kila asubuhi nilivuka mpaka wa Petite Barrière kwenda kuuza, beseni la nyanya kichwani, waya wa simu umejificha chini ya hijabu. Foleni ya kuingia Goma haina haraka, na wimbo wa mapenzi hurudia maneno yake bila kukuita mjinga. Niligundua kwamba wapenzi wa kwenye nyimbo za Kiingereza ni watu wa milango. Mmoja anafunga, mwingine anabisha, wa tatu amepoteza ufunguo na mvua inamnyeshea. Kwao nilipata kitanda, dirisha, kahawa, viatu, kesho asubuhi. Sabuni sikuijua kwa miaka mingi, maana hakuna aliyeachwa akaimba habari za sabuni.

Kasoro ilikuwa moja. Neno halikukubali kuja peke yake. Nikilitaka, ilinibidi nianze wimbo mwanzo, nipite ubeti, nipite kiitikio, ndipo nilikute limekaa mahali pake. Mtoto wa madrasa naye ukimkatiza katikati ya sura hurudi kwenye bismillahi. Nyumbani walinicheka sana kwa hilo.

Kisha hoteli moja ya kando ya ziwa ikatafuta mtu wa mapokezi. Niliitaka kazi ile mpaka nikajionea haya. Shingo ya mama iliharibiwa na mabeseni yaleyale, ndiyo maana siku hizi anakaa nyumbani akishona, na yangu ilikuwa imeanza kuniuma kila nikiamka. Nikaitwa kwenye usaili, na siku yenyewe ikaangukia katikati ya Ramadhani.

Kwetu, mtaa wa Nengo, mwezi huo muziki hauingii ndani. Mama alinikuta na simu sikioni.

"Huu mwezi hakuna miziki hapa, we unajua."

"Mama, mi sisikilizi. Nasoma."

"Unasoma na kichwa inatingizika?"

Nikaizima. Siku zilizobaki nilizisoma nyimbo zangu kimyakimya, kama mtu anayekula bila kutafuna.

Aliyenisaili alikuwa mama mmoja wa makamo, Mkristo, aliyerudi kutoka Uganda na Kiingereza chake kilichonyooka. Pembeni yake alikaa karani. Akaniuliza: mgeni amerudi amelowa, ufunguo kaupoteza, na amekasirika, utamwambia nini? Moyo ukanitulia kidogo, kwa sababu mgeni huyo nilimfahamu, nilishamsikia akiimba mara nyingi. Nilitaka kumwambia aketi, ajikaushe, nimletee ufunguo mwingine. Lakini neno la kukausha lilikuwa mbali, ubeti wa mwisho wa wimbo mmoja, pale mtu anapokaushwa machozi. Nikaanza safari. Niliinamisha macho, midomo ikawa inacheza bila sauti.

Karani akafungua mdomo. Yule mama akamzuia kwa mkono, akamnong'oneza kwa Kinyarwanda kwamba asubiri, binti anaomba. Kisha yeye mwenyewe akainamisha kichwa kwa heshima. Niliyasikia yote, nami nilikuwa kwenye kiitikio, siwezi kusimama. Nikalifikia neno langu, nikajibu vizuri kuliko nilivyowahi kujibu jambo lolote kwa Kiingereza.

Akatabasamu. Akasema, "Napenda mtu anayemtanguliza Mungu kabla ya kusema."

Kazi ilikuwa mapajani mwangu. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Lakini nilikuwa nimefunga, nikaona nitavaa sala ambayo sikuisali, tena mwezi huu.

"Madamu, sikuwa naomba," nikasema. "Nilikuwa naimba moyoni. Ni wimbo wa mapenzi. Neno la kukausha liko humo."

Tabasamu likaondoka. Karani akatazama dirisha. Mama yule akasema watanipigia simu, na kila mtu hapa mjini anajua maana ya watakupigia.

Nilirudi kwa miguu nikijitukana njia nzima. Ukweli gani huo ambao hakuna aliyeuuliza? Kazi niliipata, simu ilikuja baada ya Idi, lakini jioni ile sikulijua hilo. Nilijua beseni tu, na kesho yake.

Mama alikuwa kwenye cherehani. Nikamsimulia yote, hata wimbo, nikingoja anigombeze. Mguu wake ukasimama.

"Yeye hakukuuliza kama ulikuwa unaomba?"

"Hapana. Aliamini tu."

"Na kazi ulikuwa unaitaka."

"Mama, mpaka sasa naitaka."

Akakata uzi, akakunja kitambaa polepole. Miaka yote kwake mimi ni mtoto mwenye kichwa chepesi, wa miziki. Sasa alinitazama kama mtu mzima mwenzake.

"Bon," akasema. "Donc, basi leo umefunga kweli."

Adhana ya magharibi ikalia. Mama ndiye mkubwa wa nyumba, na tende ya kwanza huishika yeye. Jioni ile alinisogezea sahani akangoja nianze. Nilitia tende mdomoni huku nalia.