Tulivyoshona Kivuli cha Mashua

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya mahema, Bwana Msimamizi hakunipa cherehani. Alinisimamisha nyuma ya mashine yake akasema, "Wewe ni mvutaji." Nilidhani ananidharau, maana nilitoka Olmotonyi na cheti changu cha ushonaji. Kumbe turubai lililopakwa nta ni zito kama ndama. Mshonaji hulisukuma, mvutaji hulipokea upande wa pili na kulivuta kwa mwendo wa sindano. Akivuta mno sindano inakatika, akilegea mshono unapinda. Nyie vijana msidhani ni kazi ya kusimama tu.

Nilipopandishwa kuwa mshonaji nilipewa mvutaji wangu, Naisiae, mjane wa Kisongo mwenye watoto wadogo na maneno machache. Tulishona mahema ya watalii mpaka hatukuhitaji tena kuambiana kitu.

Kisha ukaja ubinafsishaji. Karakana ikauzwa, Meneja Mpya akaanza kupunguza watu. Kwetu akasema, "Cherehani moja, mtu mmoja. Huyu mama wa nyuma anafanya nini?" Naisiae akaambiwa mwezi ukiisha aondoke. Iliniuma sana. Watoto wale wangekula nini?

Mwezi haujaisha, akaja daktari mstaafu mwenye mashua ya tanga. Alikuwa ameiweka juu ya trela kwake Kisongo, akijiandaa kuipeleka baharini Tanga, na alitaka kivuli cha turubai cha kutandaza juu yake ikitia nanga. Meneja akakubali papo hapo.

"Nitashona na Naisiae," nikamwambia, "au tafuta mwingine."

"Unanitisha, mama?"

"Sikutishi, bosi. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe."

Akaniangalia, akasema daktari akiridhika, tutaongea.

Tukakosea kama washona mahema. Tulikipa kivuli paa la mwinuko na sketi ndefu pembeni, zile za kuzuia mvua ya Meru. Tulipokifunga juu ya mashua, upepo wa Kisongo ukaingia chini ya sketi, kikavimba, kikakata kamba na trela likatikisika. Meneja, aliyekuja kukagua, akacheka kwa pua. "Ndiyo kazi ya watu wawili hiyo?"

Naisiae akajibu taratibu, "Hema lina ardhi ya kupigilia vigingi. Mashua haina."

Tukarudi karakana. Sketi tukazikata. Paa tukalilaza karibu bapa, juu ya mti unaobeba tanga kwa chini, tukapitisha fito za mianzi kwenye mifuko tuliyolishonea ili likae wazi. Kingo tulizikata zipinde kidogo kuingia ndani, maana ukingo ulionyooka hulegea na kupigapiga. Mshono wa upinde ni mgumu kweli. Naisiae aligeuza mzigo wote kwa tumbo na mapaja, jasho likimtiririka, na mimi nikafuata.

Mara ya pili upepo ulipita juu na chini, kivuli kikatulia. Daktari akapanda, akaketi, akavua kofia. Meneja akapitisha kidole kwenye ule upinde mpaka mwisho.

"Umeshona wewe?"

"Sindano yangu. Upinde ni wake."

Akamgeukia mwenzangu. "Mama, mwezi ukiisha usiondoke."

Naisiae akaitikia kwa kichwa, akaanza kukunja turubai. Mimi ndiye niliyelia.

Mgongo ulimstaafisha Naisiae kabla yangu. Waliomfuata walivuta vizuri, sina lawama. Ila mpaka naacha kazi, kila nikimaliza mshono mgumu niliinua macho ng'ambo ya mashine nimtazame, nikamkuta mtu mwingine.