Kila Saa Nane

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mtaalamu wa tiba ya Kihindi pale mjini, ghorofani juu ya duka la nafaka, kwa sababu ya usingizi. Usinicheke. Najua wewe ukiweka kichwa kwenye mto umekwenda, lakini mimi ni zaidi ya miaka thelathini sasa naamka saa nane usiku. Si saa saba na nusu, si saa tisa. Saa nane, moyo unadunda kana kwamba kuna mtu kaniita kwa jina. Hospitali wamenipima presha, wamenipima moyo, wamenipima na vitu vingine ambavyo hata sikuuliza ni nini, wakasema sina tatizo. Mtu akiambiwa hana tatizo naye bado anaogopa, hofu inazidi, maana sasa haina hata jina la kuiita.

Mtaalamu mwenyewe ni mama wa makamo, mtu wa Singida, aliyekwenda India kusomea hiyo tiba wanayoiita Ayurveda. Alinishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akaanza kuniuliza mambo ambayo daktari hajawahi kuniuliza: naamka wakati gani, nakula wakati gani, choo napata lini. Akanieleza kwamba mwili una ratiba yake na ratiba hiyo inafuata jua. Mchana kati moto wa tumbo huwa mkali, ndipo mtu ale mlo wake mkubwa. Jua likizama ale kidogo, alale mapema, aamke kabla hakujapambazuka, anywe maji ya moto, ajipake mafuta miguuni. Kuanzia saa nane usiku hadi alfajiri, alisema, ni wakati wa upepo, na upepo ukizidi mwilini ndio huleta hofu.

"Pole sana, dada," akasema. "Hii hali ilianza lini?"

"Sikumbuki," nikajibu.

Nilimdanganya. Nakumbuka hadi siku ya wiki.

Ile ratiba yake niliijua kabla hajaimaliza, kwa sababu nililelewa ndani yake. Bibi mzaa mama aliishi Zuzu, ng'ambo ya reli, katika tembe lenye paa la udongo, na mimi niliachwa kwake nikiwa na miaka mitatu mama alipopata kazi Morogoro. Bibi hakujua India iko upande gani wa dunia. Lakini jogoo wa kwanza alimkuta ameshaamka, ameketi karibu na mafiga na kikombe cha bati, anakunywa maji ya moto matupu, hayana majani wala sukari. Alifagia uwanja kukiwa bado kuna ukungu wa moshi, akaenda shambani, akarudi kabla jua halijawa kali. Kivuli chako kikiingia chini ya nyayo zako, ujue sufuria inaepuliwa: ugali wa uwele, mlenda uliotiwa karanga, siku nyingine maziwa mgando. "Tumbo ni jiko," alikuwa akisema, "lipe kazi likiwa linawaka." Baada ya hapo alijilaza kidogo kwenye ngozi ya ng'ombe, na ole wako upige kelele. Jioni ulikuwa uji mwepesi tu, kisha anajipaka samli miguuni, taratibu, kidole kwa kidole, mpaka chumba kizima kinanukia maziwa. Kuku wakipanda kwenye kichanja chao, na sisi tunapanda kitandani.

Mimi nilikuwa mtoto mwoga. Niliogopa fisi ambao sikuwahi kuwaona, niliogopa treni, na zaidi ya yote niliogopa upepo wa Dodoma wa mwezi wa sita, ule unaokuja na vumbi na kupiga mlango kama mtu anayedai afunguliwe. Lakini kwa Bibi kila kitu kilikuja kwa wakati wake, na mtoto akijua kinachofuata hofu yake hupungua. Niliposikia ametulia na kuanza kukoroma, nami nililala.

Shuleni nilikuwa darasa la tatu na, nisijisifu sana, nilikuwa wa kwanza. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na ugomvi na neno moja tu duniani: masaa. Ukilitamka, fimbo. "Saa ni saa!" alifoka. "Iwe moja, ziwe mia, ni saa!" Tuliimba hivyo mpaka nyumbani. Mpaka leo mtu akisema masaa mbele yangu viganja vinawasha.

Basi mwaka ule, wakati wa mavuno ya uwele, Bibi alikanyaga kisiki cha bua shambani kikamtoboa unyayo. Alikichomoa, akapaka samli, akaendelea kuvuna. Baada ya wiki mguu ulikuwa umevimba, tukaenda zahanati taratibu, yeye akiwa ameniegemea bega. Kwenye dirisha la dawa yule mtoa dawa alimweleza harakaharaka, na Bibi akaitikia "ehee, ehee" kama alivyowaitikia watu wote wa serikali. Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya mnadani na ya zahanati. Ya kuelewana ilikuwa Kigogo. Mimi nilikuwa nje, nakunywa maji bombani.

Nyumbani akanipa kile kifuko cha khaki nimsomee. Kiliandikwa kwa kalamu ya bluu: vidonge 2 kila saa 8, baada ya chakula.

"Kila saa nane, Bibi," nikasema.

"Saa nane ya mchana?"

"Wameandika kila. Ya mchana na ya usiku."

Nilisema hivyo bila hata chembe ya shaka. Naiona sura yangu nilivyokuwa nimesimama, kifua mbele. Ilikuwepo saa ya mezani ya kengele ambayo mama alituletea, ya kujaza kwa ufunguo, ilikaa tu kama pambo karibu na picha ya Yesu. Nikaitega saa nane. Saa zile hazijui mchana wala usiku. Ukishazijaza zinalia mara mbili kwa siku, na mimi nikaona hiyo ndiyo maana hasa ya neno "kila".

Usiku wa kwanza tulicheka. Ilikuwa Jumanne. Kengele ililia, kuku wakalipuka kule nje, nikawasha kibatari na kupasha uji kwa sababu dawa ilitaka chakula kwanza. Bibi alikaa kitandani amejitanda shuka, anapepesa macho. "Dawa gani hii ina tabia za mwizi?" akasema. "Inangoja watu walale." Akameza vyote viwili, akalamba mkono.

Usiku wa tatu hakuna aliyecheka. Bibi akishaamshwa hakupata tena usingizi. Alikaa hivyo hivyo akisikiliza upepo, na jogoo alipowika ndipo alipofumba macho. Uwanja haukufagiwa. Mchana kati, kivuli kiko chini ya nyayo, mafiga yalikuwa ya baridi, kwa sababu usiku alikuwa amekula na sasa hakutaka kitu, na mimi nilikuwa nachelewesha ugali kusudi uikute ile saa nane. "Mwili wangu umepotea njia," aliniambia siku moja, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea. Mguu ulianza kutoa harufu. Nilijua ni harufu mbaya, nilijua, lakini nilikuwa na miaka tisa na jambo pekee nililoweza kufanya ni kufuata kilichoandikwa. Kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyoikazia macho ile saa. Siku moja nilichelewa dakika chache kwa kuchochea moto, na nikaamini kabisa kwamba ni hizo dakika zinazomuua Bibi. Nililia huku nakoroga uji.

Siku ya sita jirani yetu, mama mmoja mwenye shamba la zabibu, alipita asubuhi. "Mbukwa!" akasalimu kutoka mlangoni. Bibi hakuitikia. Jirani akaingia, akafunua shuka, akaweka mkono mdomoni. Alitoka mbio mpaka barabarani akasimamisha lori la kokoto, wakampandisha Bibi mbele kwa dereva, na mimi na jirani tukakaa nyuma juu ya kokoto, nimekikumbatia kile kifuko.

Hospitali kubwa ya mjini muuguzi alinipokonya kifuko, akakifungua, akavimwaga vidonge kiganjani.

"Mbona vimebaki vingi hivi? Bibi, umemezaje hizi dawa? Hivi ni kila baada ya masaa manane! Asubuhi, mchana, usiku. Mara tatu kwa siku!"

Masaa. Alilitamka neno lile la kuchapiwa fimbo, na papo hapo nikaelewa. Sikuhitaji kufafanuliwa. Kama yule mtoa dawa angekosea Kiswahili akaandika masaa, au mimi nisingekuwa wa kwanza darasani, Bibi angemeza dawa yake ipasavyo na kulala usingizi wake. Nikashika ukuta.

Bibi alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, midomo imekauka. Aligeuza kichwa akanitazama. Kitambo kidogo tu. Halafu akamgeukia muuguzi.

"Nilikuwa nakataa mimi, mwanangu," akasema. "Vinanichefua. Huyu mtoto kanipa vyote, mimi ndio navirudisha kifukoni."

"Wazee bwana! Mnatutesa," muuguzi akafoka. "Sasa unaona?"

"Nisamehe," Bibi akasema.

Bibi, mtu aliyeweza kukunyima chakula kwa uongo wa kijiko kilichopotea. Hakurudisha hata kimoja. Nami nilisimama pale nimeshika ukuta, nikamwacha aombe msamaha.

Wiki ile wakamkata mguu chini ya goti. Mama alipofika kutoka Morogoro, daktari alimwambia kwamba Bibi alikuwa na kisukari bila kujua, na huenda mguu ungeondoka hata kama dawa ingemezwa sawasawa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, nikalisikia. Huenda. Nimelishikilia neno hilo miaka yote, na hadi leo halijawahi kunibeba.

Sasa nafanya kazi masijala ya serikali huko Mtumba, na wenzangu wananitania kwamba sipokei jalada bila kulisoma mara tatu. Nafuata ratiba ya yule mtaalamu kadiri ninavyoweza. Saa sita mchana nafungua bakuli langu nakula nishibe, jioni uji, miguuni mafuta. Nilimwomba aandike yote kwa maneno, asubuhi, mchana, jioni, asiweke tarakimu hata moja. Alicheka, lakini aliandika. Usingizi umekuwa bora kidogo, na hilo namshukuru. Sijamwambia kwamba kinachoniamsha saa nane si upepo.

Zuzu nilipita juzi. Tembe limebomoka, limebaki tuta la udongo mwekundu ambalo mbuzi wanalipanda. Mama ametangulia, jirani wa zabibu naye ametangulia, hakuna aliyebaki wa kumwambia ukweli. Na ile siku ya Bibi, jinsi ilivyokuwa imepangika tangu maji ya moto hadi samli, haikurudi tena baada ya hospitali. Mtu wa magongo mawili hafagii uwanja alfajiri. Alilala mchana, akakesha usiku, akala akikumbuka. Mimi ndiye niliyekuwa nikipika, na kila nilipomuuliza kama ana njaa alijibu kwamba hajui.

Mwezi wa pili tangu arudi, kijana wa stesheni alituletea barua. Niliujua mwandiko wa mama juu ya bahasha. Nikanawa mikono, nikaja nikaketi karibu na Bibi kwenye ile ngozi, nikanyoosha mkono niifungue. Aliichukua polepole, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya kanga yake.

"Mwache jirani aje asome," akasema, akanipapasa kichwa. "Wewe bado mtoto."

Nilikaa naye miaka mingine saba, nikamaliza shule ya msingi nikaanza sekondari, na hakunipa tena karatasi yoyote nimsomee.