Alivyomjibu Bwana Mganga

Alhamisi moja ya mwezi wa Machi, mwaka 1949, nilifiwa na mke wangu. Alikuwa na miaka ishirini na minne, au mitano. Mama yake alihesabu miaka kwa njaa na masika, wala hakuwa na hakika. Tulikuwa tumekaa pamoja miaka sita, huko Temeke, katika nyumba ya udongo tuliyoiezeka makuti wenyewe. Mtoto hatukujaliwa.

Wakati huo nilikuwa dobi katika hospitali ya Wazungu. Nilipiga pasi mashuka na kuyapeleka wodini, kwa hiyo nayasema niliyoyaona. Kila mgonjwa alikuwa na chumba chake. Vyumba vingine vilikaa wiki nzima bila mtu, na mashuka yake niliyabadilisha vivyo hivyo, kwa sababu ya vumbi. Daktari akiingia, alivuta kiti akakaa. Alimbonyeza mgonjwa hapa na pale, akamtazama usoni, akauliza tena. Kiingereza sikukijua, ila mtu anayeulizwa akaulizwa tena unamtambua tu.

Mke wangu alianza kuumwa tumbo Jumapili, upande wa kulia, chini. Jumatatu hakula. Jumanne asubuhi nikaomba ruhusa kazini, nikampakia kwenye mkokoteni wa jirani yetu muuza nazi, nikamsukuma hadi hospitali ya Waafrika mjini. Kabla hatujatoka alijilazimisha kuoga, akavaa kanga mpya, akapaka wanja. Nilifurahi kumwona hivyo. Njiani nikamwambia, "Bwana mganga akikusalimu, umjibu vizuri. Usianze kulia mbele yake. Wazungu hawapendi makelele." Hayo ni maneno yangu mimi. Hakuna aliyenituma.

Barazani watu walikuwa wamejaa hadi kwenye ngazi, kila mmoja na chupa yake tupu ya dawa, maana pale chupa ulikwenda nayo mwenyewe. Mama mmoja aliyevimba mguu alitusogezea nafasi.

"Kaeni, wanangu," akasema. "Mguu wangu huu ungekuwa wa Mzungu, ungepewa kitanda chake peke yake, na mie changu."

Watu wakacheka. Mke wangu naye akacheka, akashika tumbo. Dresa, yule msaidizi wa daktari wa kufunga vidonda na kugawa dawa, akapaza sauti kutoka mlangoni, "Nyie mnaocheka, mmeshapona? Basi rudini kwenu!"

Saa nne hivi daktari akatoka. Alikuwa mmoja tu kwa umati ule wote, Mzungu kijana, shati limemlowa mgongoni. Desturi yake ilikuwa kupita kwenye mstari akimsemesha kila mtu kidogo kwa Kiswahili chake. Aliyemwona mahututi alimnyooshea kidole aingizwe ndani. Waliobaki walipewa dawa na dresa. Akasimama mbele yetu.

"Hujambo, mama?"

Mke wangu akanyoosha mgongo, akaitengeneza kanga yake kichwani. "Sijambo, bwana mganga. Habari za asubuhi?"

"Nzuri," daktari akasema, akatabasamu, akapita.

Kwetu mtu hujibu hivyo hata akiwa kitandani. Kwanza unajibu "sijambo", kisha mwenzako anakuuliza tena, ndipo unataja linalokusumbua. Mke wangu alikuwa akingoja kuulizwa tena. Mimi pia nilikuwa nikingoja. Daktari alipofika kwa mtu wa tatu ndipo nilipofumbua mdomo: "Bwana, huyu ni mgonjwa sana." Lakini nilisema taratibu, kwa adabu, na sidhani alisikia. Dresa ndiye aliyesikia.

"Mwenyewe kasema hajambo. Wewe ndiye unayeumwa?"

Akatujazia chupa dawa nyeupe ya tumbo, tukarudi Temeke.

Jumatano homa ikapanda, na tumbo likawa gumu kama ubao. Alhamisi alfajiri nikamrudisha. Safari hii hakuweza hata kukaa, na dresa yule yule akamwingiza ndani. Vitanda vilikuwa vimejaa, wengine wamelala wawili wawili. Akalazwa sakafuni, juu ya mkeka, kati ya vitanda viwili. Daktari yuko chumba cha kupasulia, wakasema, akitoka atakuja.

Alikuja saa saba mchana. Alipiga magoti pale pale sakafuni, akambonyeza. "Unaumwa wapi, mama? Tangu lini?" Aliuliza mara mbili, mara tatu. Mke wangu alikuwa hajibu tena, nikajibu mimi. Daktari akanitazama. "Mbona hukumleta mapema?"

Sikumwambia kwamba Jumanne tulikuwepo. Hapo pia nilikuwa na adabu. Mke wangu alikufa kabla ya alasiri.

Tulimzika kesho yake. Watu walipopungua, mama mkwe wangu, ambaye kwa heshima hakuwahi kukaa nami mkeka mmoja, alikuja akakaa karibu yangu uani.

"Baba," akaniuliza, "mwanangu alisema nini huko hospitali?"

Nikamweleza yote, pamoja na yale niliyomwambia njiani. Alinisikiliza ameinamisha kichwa.

"Ningekuwepo," akasema, "ningemwambia hivyo hivyo."

Kisha akainuka, akarudi ndani kwa wanawake.