Nilivyompima Claver kuchapa

Leo nimelipiza kisasi, na sijutii hata kidogo.

Claver alikuwa na duka la kuchapa barua kule mtaa wa Kicukiro. Miaka mitatu iliyopita nilimwomba kazi. Akaweka saa mezani mbele ya wateja, akasema, "Chapa!"

Nikachapa kwa nguvu zangu zote. Maneno kumi na tisa kwa dakika.

Akacheka mpaka wateja wakacheka naye. "Dada, vidole hivi ni vya kuchimba mihogo. Rudi kwenu Burundi."

Nililia njia nzima. Halafu nikajifunza kila siku, kwa kompyuta ya kuazima.

Basi leo asubuhi, ofisini kwetu Kibagabaga, tunatafuta mchapaji. Nani anaingia? Claver! Kumbe duka lilishafungwa.

Na msimamizi wa mtihani ni mimi.

Hakunitambua. Nikamwambia kwa adabu, "Karibu, kaa. Tunataka maneno arobaini kwa dakika."

Akapata thelathini na moja.

"Mbabarira, nisamehe dada, naomba nirudie."

Nikamruhusu. Msinisifu! Nilitaka ashindwe mara mbili.

Ishirini na nane.

Akakasirika. "Wewe mwenyewe unaweza?"

Nikavuta kiti, nikachapa aya ile ile ya mtihani mbele ya wote waliosubiri zamu. Sabini na mbili. Kisha nikamgeukia. "Claver, bado hunikumbuki?"

Uso ukambadilika. Akachukua bahasha yake ya vyeti, akatoka bila kuaga.

Bosi anasema nimezidisha.

Nanyi mnasemaje? Nilaumuni mkitaka, ila akirudi kesho nampima tena.